Gamba Lililobaki Mkiani

Watu wengi wakisikia kwamba niliwahi kufuga nyoka hunitazama kwa wasiwasi, kana kwamba nimekiri uganga. Kwetu Pemba nyoka ni wa kupigwa fimbo, na anayemwacha akapita huulizwa ana nini naye. Hata hivyo nilimfuga mmoja mwaka 2009, na yaliyomfika mikononi mwangu yaliniachia swali ambalo sijamaliza kulijibu: je, mtu akimlisha kiumbe aliyemfungia, amekwisha kumtimizia haki yake?

Nyoka huyo aliletwa na mpwa wangu, mtoto wa Kojani aliyekuja kukaa kwangu Wete ili asome. Alimkuta chini ya rundo la makumbi ya nazi. Alikuwa wa rangi ya hudhurungi, mwenye mistari iliyofifia kichwani, wa aina ile inayoingia majumbani usiku kufuata panya. Hana sumu, panya humzingira kwa mwili na kumbana hadi afe. Huko Ulaya na Marekani wako watu wanaofuga nyoka wa jamii hii majumbani, kama sisi tunavyofuga njiwa. Nami nilimtia katika sanduku la kioo, nikatandika mchanga mkavu, nikamwekea maji katika kifuniko cha chupa, na kila wiki nikampa panya. Sanduku nililiweka ghalani, juu ya magunia ya karafuu. Ghala lile lilikuwa la bati, joto tupu, wala halikuingiza tone la maji, kwa maana karafuu ikipata unyevu huvunda na kushuka bei. Nilijiona mlezi mwema.

Hapa yafaa msomaji ajue kidogo jinsi nyoka anavyojivua. Ngozi yake ya nje haikui pamoja na mwili, kwa hiyo kila baada ya muda huivua. Siku chache kabla ya hapo macho yake huwa na utando wa samawati, kwani hana kope, na hata jicho lina gamba lake. Huacha kula, hujificha. Kisha macho hutakata, naye husugua midomo kwenye jiwe au gogo mpaka ngozi ipasuke, halafu hutambaa akitoka ndani yake, nayo hupinduka kama soksi kutoka puani hadi ncha ya mkia. Akiwa mzima na mahali pana unyevu, gamba hutoka zima. Pakiwa pakavu, au akiwa na kiu, au utitiri, hutoka vipande vipande, na mara nyingi kipande cha mwisho hukwama mkiani. Hapo hukauka na kubana kama pete iliyo ndogo kuliko kidole. Akijivua tena, pete hupanda juu ya pete. Damu haipiti, ncha hugeuka nyeusi, na mwisho hukatika. Mjusi akikatika mkia huota mwingine; nyoka haoti.

Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilipoona vipande vya gamba mchangani nilisema tu kwamba nyoka huyu ni mvivu, hata kujivua hawezi. Ni mpwa wangu aliyekuja kuniambia, “Mjomba, mkia wake umekuwa butu.” Nikaenda nikalivuta gamba lililobaki kwa vidole vikavu, nikamchuna hata akatoka damu. Kumbe ilitakiwa kumweka kwanza katika maji kidogo ya vuguvugu, kisha kumwacha apite ndani ya kitambaa kibichi ili gamba lilegee lenyewe. Tulifanya hivyo siku ya pili. Pete mbili zikatoka, lakini ncha ilikuwa imekwisha kufa.

Jirani yangu aliniambia, “Bwana, huyo ni nyoka tu, na huko nje angeuawa.” Hoja hiyo ina uzito wake. Wengi wao huuawa. Lakini sikuweza kuitumia, kwa sababu mimi sikumfungia ili kumwokoa. Nilimfungia kwa kupenda kumtazama. Tena nilikumbuka kisa tulichosomeshwa chuoni tukiwa wadogo, cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Siku zote nilidhani kosa lake ni njaa ya paka. Sasa nikaona kwamba lile neno la kujitafutia lina mengi ndani yake. Nyoka wangu alikuwa akijitafutia panya, na zaidi ya panya alijitafutia ubichi wa makumbi na gogo la kujisugulia. Nilipofunga kifuniko nilijitwika hayo yote, yakiwamo nisiyoyajua. Mtu anaweza kusema kwamba asiyejua hana lawama. Huenda ni kweli kwa mpita njia. Aliyeshika ufunguo alipaswa kuuliza kabla ya kufunga.

Ndipo nikamfikiria mpwa wangu. Mwaka ule alikuwa akianguka darasani na amekuwa mkimya mno. Nilikuwa nikimwambia, “Mwanangu, jivue hilo gamba la Kojani,” na kumkataza kwenda kwao ila siku za Idi. Alikula vizuri, alikuwa na sare na madaftari, na nilimpa chumba chake peke yake, jambo ambalo mimi sikulipata utotoni. Usiku mmoja nikamuuliza, kwa mara ya kwanza, ana nini. Akakaa kimya, kisha akasema kwamba halali vizuri. Kwao walilala wanne mkeka mmoja, na chumba changu kinamtisha. Chumba kile nilikiona hisani, kama ghala kavu nililompa nyoka.

Tangu siku ile kila Ijumaa jioni alivuka kwenda kwao, na katikati ya wiki alilala chumba kimoja na wanangu. Hakuwa wa kwanza darasani, lakini alianza kusema na watu.

Mwaka 2011 maneno ya kujivua gamba yalienea nchi nzima, pale chama cha CCM kilipoyatumia kutaka watu wake wajisafishe, na kila mtu akawa anamwambia mwenziwe ajivue. Kila nilipoyasikia niliukumbuka ule mchanga mkavu. Labda yako magamba ambayo mtu amekataa kuyavua kwa ukaidi wake. Lakini mwenye kuamuru atazame kwanza amemweka mwenziwe mahali gani.

Nyoka yule nilimrudisha kwenye makumbi masika yalipoanza, mwaka 2010. Aliingia taratibu, na kitu cha mwisho nilichokiona ni ule mkia wake butu. Kwa jinsi alivyo, ataishi nao hivyo hivyo mpaka mwisho wa umri wake, na hilo ni kazi yangu.