Bangili ya Mguuni na Funguo za Gari

Tangu mwaka 2003, mahakama za Marekani zimekuwa zikiwavisha baadhi ya watu waliokamatwa wakiendesha gari wamelewa kifaa kinachoitwa SCRAM. Ni kisanduku kinene kinachokazwa kwa mkanda juu ya kifundo cha mguu, kikagusana na ngozi usiku na mchana. Pombe nyingi tunayokunywa humalizwa na ini, ila kiasi kidogo mno, kama asilimia moja, hutoka mwilini kupitia ngozi. Kila baada ya nusu saa kifaa huvuta mvuke wa hapo ngozini na kuupima. Ukipenyeza soksi katikati, kinatambua. Aliyekivaa haruhusiwi kuuzamisha mguu majini, na huonywa asijipake manukato karibu nacho.

Ni rahisi kumwonea huruma mtu mzima anayechungwa hata usingizini. Mimi namhurumia zaidi aliye jela. Wales tangu 2020 na England tangu 2021, hakimu anaweza kumwamuru mtu aliyetenda kosa kwa sababu ya pombe avae kifaa cha namna hii kwa muda usiozidi siku 120. Muda huo wote anakwenda kazini, anakula na wanawe, analipa kodi ya nyumba. Adhabu inayomwachia mtu familia yake naiheshimu.

Jimbo la South Dakota lilianza mapema zaidi. Mwaka 2005, Larry Long, aliyekuwa mwanasheria mkuu wa jimbo hilo, aliasisi mpango wa kuwapima walevi waliokamatwa mara kwa mara: wanapuliza kipimo asubuhi na jioni, na wasioweza kufika kituoni wanavishwa bangili. Anayekutwa na pombe analala ndani siku hiyohiyo, usiku mmoja au miwili, kisha anarudi kwake. Watafiti wa taasisi ya RAND ya Marekani walipochunguza matokeo waliona kwamba watu kukamatwa tena kwa kuendesha wakiwa wamelewa kulipungua kwa asilimia 12, na kukamatwa kwa ukatili wa nyumbani kukapungua kwa asilimia 9.

Hiyo asilimia 9 ndiyo iliyonikalisha kitako. Mpango uliobuniwa kwa ajili ya barabara ulifika hadi jikoni na chumbani, kwa wake na watoto ambao hakuna aliyekuwa amewataja. Na haukutumia adhabu kali. Ulitumia adhabu ndogo isiyokosa na isiyochelewa. Kwetu Kenya, tangu alcoblow, kipimo cha pumzi cha polisi, irudi barabarani mwishoni mwa 2013, madereva wamekuwa wakipashana habari usiku kucha: leo polisi wako wapi, tupite njia gani. Tunachokiogopa ni kizuizi, na kizuizi kina njia ya kukikwepa.

Sasa kuna vifaa vya aina nyingine, vya kuvaliwa mkononi kama saa kwa hiari ya mtu mwenyewe. Mwaka 2016 taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza madhara ya pombe iliipa kampuni ya BACtrack zawadi ya dola 200,000 kwa kifaa chake, Skyn, kinachotuma vipimo kwenye simu. Hapa ndipo ninapoingiwa na wasiwasi. Pombe huchelewa kufika kwenye ngozi, pengine saa nzima au zaidi baada ya kuingia kwenye damu. Anayetazama simu yake anasoma habari ya bilauri aliyokwisha kuisahau. Na hata namba ingekuwa sahihi, mnywaji huifanya ruhusa. England kikomo cha dereva ni miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Scotland waliteremsha hadi 50 mwaka 2014. Dereva yuleyule mwenye 60 ni halali upande mmoja wa mpaka na mkosaji upande wa pili, na macho na mikono yake ni ile ile, imeshaanza kuzembea.

Harusini mtaani kwetu nilimwona mzee mmoja akielekea garini, funguo mkononi. Mwanawe akamfuata.

"Baba, naomba funguo. Nitaendesha mimi."

"Unanivunjia heshima mbele ya watu."

"Nisamehe, Baba. Nipe tu."

Mzee alinuna, kisha akampa. Kijana hakuwa na kipimo chochote, ila alikuwa na haki ya kuomba, na baba yake aliitambua haki hiyo. Kwa hiyo anayetaka kujinunulia kifaa cha mkononi, namsihi taarifa zake zimfikie pia mkewe, kaka yake au rafiki mwenye ujasiri wa kunyoosha mkono na kusema lete funguo.

Yuko mmoja ambaye bangili haimfai. Sheria ya England hairuhusu kumvisha aliyekwisha kuwa mtumwa wa pombe, kwa kuwa mwili uliozoea pombe kwa miaka ukikatiwa ghafla unaweza kupata degedege, hata kufa. Huyo apelekwe kwa daktari apunguziwe taratibu, kwa dawa na uangalizi. Na nyumbani asiachwe peke yake usiku, hasa zile siku za mwanzo.