Macho ya Mjomba

Katika karne ya 19 mwanamke mmoja alihama eneo la Verona, Italia, akaenda kuishi Brazil. Ukoo wake ukaenea hadi kizazi cha 7, na ndani yake wakawamo vijana waliopofuka wakiwa na nguvu zao zote.

Chanzo kilikuwa herufi moja. Mitokondria, zinazoipatia seli nguvu, zina DNA yao ndogo yenye jeni 37. Mojawapo, ND4, hutoa sehemu ya kimeng'enya cha kwanza katika mnyororo wa upumuaji wa seli. Katika nafasi ya 11,778 ya DNA hiyo, herufi G iligeuka A. Mwaka 1988 Douglas Wallace na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba kosa hilo ndilo linaloleta upofu ambao daktari Mjerumani Theodor Leber aliueleza mwaka 1871.

Upofu huo hauumi. Kijana anamtazama anayezungumza naye, anayaona masikio na nywele, lakini pua na mdomo vimemezwa na ukungu. Baada ya wiki au miezi jicho la pili hufuata. Miwani haisaidii, maana kilichoharibika ni neva inayopeleka picha kwenye ubongo.

Lakini wengi wenye kosa hili hawapofuki kamwe. Kwa wanaume hupofuka kama nusu, kwa wanawake kama 1 kati ya 10. Madaktari waliowapima watu wa ukoo ule wa Brazil waliona sigara na pombe zikiandamana na upofu. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 2009, uliohusu koo nyingi zenye makosa ya aina hii, ulikuta kwamba kwa wanaume wavutaji sigara hupofuka 93 kati ya 100. Inatisha! Kimeng'enya kinachochechemea tangu tumboni kinaongezewa sumu ya moshi kila siku, tena kwa hiari.

Kinachoniuma ni kwamba onyo lipo nyumbani. Mitokondria hurithiwa kwa mama, kwa hiyo wa kumuulizia ni mjomba. Familia ikisema mjomba aliyepofuka alirogwa, kisha ikanyamaza, wapwa zake watakua bila kujua lolote. Dada yake huenda akaona vizuri hadi uzeeni, na bado akawarithisha watoto wake wote. Wanawe waambiwe kabla hawajashika sigara ya kwanza. Na siku mmoja wao akiugua kifua kikuu, daktari asikie habari za mjomba kabla ya kuandika ethambutoli, dawa ambayo nayo huweza kuidhuru neva hiyohiyo.