Kipawa na Mazoezi

Watu hubishana juu ya asili ya ustadi. Baadhi husema kuwa mlengaji hodari wa mpira wa kikapu huzaliwa na shabaha yake, kama azaliwavyo na kimo chake. Wengine husema kuwa shabaha ni tunda la jasho. Jambo hili si dogo. Ikiwa wa kwanza wana haki, kijana aliyekosa leo hana sababu ya kurudi uwanjani kesho. Ikiwa wa pili wana haki, kukosa si hukumu, bali ni somo.

Tutazame kwanza kazi yenyewe. Pete iko mita 3.05 juu ya ardhi, na mstari wa pointi tatu wa michezo ya kimataifa uko mita 6.75 mbali nayo. Upana wa pete ni sentimita 45, na wa mpira ni kama sentimita 24. Mpira ujao kwa chini huikuta pete imekuwa nyembamba. Ujao kutoka juu huikuta imefunguka. Basi mlengaji huhitaji miguu isukumayo, kiwiko kisichoyumba, na vidole viuachavyo mpira kwa namna moja kila mara. Yote hayo hufundishika.

Ushahidi upo. Jason Kidd wa Marekani, katika msimu wake wa kwanza wa 1994–95, alifunga mipira 27 hivi katika kila 100 aliyoirusha kutoka nyuma ya mstari. Msimu wa 2009–10, ingawa mstari ulikuwa umesogezwa mbali zaidi, alifunga 42 hivi. Miguu yake ilikuwa imezeeka, lakini shabaha yake ilikuwa imekua. Kipawa peke yake hakifanyi hivyo.

Walakini si kila jasho ni mazoezi. Tuwaze vijana wawili wa Nairobi, mmoja wa Kibera na mmoja wa Kawangware. Wa kwanza hurusha mipira 200 kwa pupa, akijali hesabu tu. Wa pili hurusha 100, na kila akikosa hujiuliza: umekuwa mfupi, au umekwenda kando? Kisha husahihisha. Wa kwanza huzoea kosa lake. Wa pili hulishinda. Bandu bandu huisha gogo, lakini shoka sharti lipige mahali pamoja.

Hata hivyo, vijana hao wana shida moja. Katika mitaa yao nyumba zimesongamana, na uwanja wa wazi ni adimu; pete moja yaweza kungojewa na wengi. Mtu aweza kukifundisha kiwiko chake ukutani, lakini umbali hufundishwa na umbali wenyewe. Kumhimiza kijana afanye mazoezi pasipo uwanja ni kumhimiza alime pasipo shamba. Tena ni dhuluma kumwambia baadaye kuwa hana kipawa.

Sisemi kuwa mazoezi huwafanya watu wote sawa. Nasema kuwa hapana ajuaye kikomo cha mwingine kabla hajapewa nafasi ya kujaribu. Juhudi ni deni la kijana. Uwanja ni deni la wakubwa. Kila mmoja na alipe lake, wala asingoje mwenziwe aanze.