Mali na Amana

Mtu akinunua nyumba hununua kuta, paa na kiwanja. Hanunui kumbukumbu za waliozaliwa ndani yake. Wapi, basi, miliki ya mtu hukoma, na haki ya wapendao ikaanza? Swali hili liliulizwa kwa uchungu nchini Uingereza katika habari za chama cha mpira cha Wimbledon, kusini mwa London.

Chama hicho kilianzishwa mwaka 1889 na vijana waliosoma shule moja. Kwa miaka mingi kilicheza na vyama vidogo, hata mwaka 1977 kikapokewa katika Ligi ya Mpira, na mwaka 1986 kikafika daraja la juu kabisa. Mwaka 1988 kiliishinda Liverpool 1–0 katika fainali ya Kombe la FA, baada ya mlinda lango Dave Beasant kuuzuia mkwaju wa penalti wa John Aldridge. Mnyonge akavikwa taji mbele ya mwenye nguvu.

Walakini taji si nyumba. Mwaka 1991 chama kiliuacha uwanja wake wa Plough Lane, kikawa mpangaji katika uwanja wa wengine. Hasara ikazidi, na wenye hisa wakatafuta pa kukihamishia. Tarehe 28 Mei 2002 tume ya watu 3, kwa kura 2 dhidi ya 1, iliwaruhusu kukipeleka Milton Keynes, mji ulio umbali wa kilomita 90 hivi.

Hoja za wenye hisa hazistahili dharau. Chama kisicho na uwanja wala faida chaweza kufa, na aliye na hati hutegemewa kulipa madeni. Tena mji mpya nao una watoto wapendao mpira. Watazamaji wa Wimbledon hawakuwa na hati. Walikuwa na miaka. Baba alimleta mwana, na mwana akamleta mjukuu, katika mvua na baridi, siku za kushinda na siku za kushindwa. Miaka hiyo haikuandikwa katika daftari la mali, lakini bila ya hiyo daftari lisingekuwa na thamani ya kuandikwa.

Walionyimwa hawakutosheka na malalamiko. Waliunda chama kipya, AFC Wimbledon, mali ya watazamaji wenyewe. Mwezi Juni 2002 waliwaita wachezaji wajaribiwe katika uwanda wa wazi wa Wimbledon Common, na zaidi ya 200 wakajitokeza. Katika mchezo wa kwanza, dhidi ya Sutton United, walifungwa 4–0, wala hawakutawanyika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: waliingia katika ligi ndogo ya wilaya, wakapanda ngazi moja baada ya nyingine, na mwaka 2011 wakaishinda Luton Town kwa penalti na kuingia Ligi ya Mpira. Novemba 2020 walirejea Plough Lane, katika uwanja mpya ulio karibu na ule wa kale. Kwa sababu ya maradhi ya Uviko-19 viti vilikuwa vitupu siku ile. Waliojenga kwao hawakuweza kuingia kwao.

Chama kilichohama kilibadili jina mwaka 2004, kikaitwa Milton Keynes Dons, na mwaka 2007 kumbukumbu za ushindi wa zamani zikakabidhiwa wilaya ya Merton, ambamo Wimbledon imo. Yaani hati ilisafiri, lakini historia haikukubali kupakiwa. Hata hivyo watoto wa Milton Keynes waliokua wakiishangilia timu yao hawakuiba kitu. Mapenzi yao ni halali kama ya wenziwao, na kosa la wakubwa halifai kulipwa na wadogo.

Basi yako mambo ambayo hununuliwa kama mali na hayana budi kutunzwa kama amana: chama, shule, msikiti, kanisa, hata lugha. Mwenye hati ana haki ya kuyaongoza. Hana haki ya kuyang'oa penye mizizi yake pasipo kuwauliza walioyamwagilia maji. Sheria humwuliza mtu amelipa nini; uadilifu humwuliza pia wengine walitoa nini kabla yake.