Hukumu ya Wenye Paa

Moto ulioteketeza mji wa Paradise, California, Novemba 8, 2018, uliua watu 85 na kuangamiza majengo zaidi ya 18,000. Paka waliokotwa majivuni kwa wiki kadhaa, nyayo zimebabuka. Baada ya janga kama hilo zipo familia zinazompata mnyama wao aliyejeruhiwa, kisha zikamkabidhi kwa wengine. Hapo ndipo walio mbali husema: mimi wangu nisingemtoa.

Jibu la haraka ni kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni kweli, lakini halitoshi. Miongoni mwa wanaolaumu wamo ambao nao waliunguliwa na nyumba, na bado wakabaki na mbwa wao. Hao kunguni wanawajua. Wasichokiona ni kwamba kuwa na dada mwenye chumba cha ziada, au bima iliyolipa mapema, si tabia njema; ni bahati. Kidonda cha moto kinataka bendeji mpya kila mara, dawa ya maumivu, mahali pasafi na penye utulivu. Baadhi ya watu wa Paradise walikuwa wakilala kwenye mahema katika maegesho ya duka la Walmart, mjini Chico. Hata tiba ikilipwa na wahisani, hema haligeuki wodi. Aliyeweza na aliyeshindwa huenda walipenda sawasawa.

Sisemi kila anayemtoa mnyama ana udhuru. Yupo aliyekwisha kumchoka zamani, akaona moto umemfungulia mlango. Ila huyo hatambuliki kwa macho, na ndiyo maana naishuku hukumu inayotolewa kwa picha moja ya paka aliyefungwa bendeji miguu yote minne.

Tena hasira humwandama aliye karibu. Moto ule ulitokana na njia kuukuu ya umeme ya kampuni ya PG&E, ambayo mwaka 2020 ilikiri mahakamani makosa 84 ya kuua bila kukusudia. Kampuni hailii. Mama anayemshika paka wake kwa mara ya mwisho hulia, na machozi yake huhesabiwa kuwa ungamo.

Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams alitoa mfano wa dereva wa lori aliyemgonga mtoto bila uzembe wowote. Hana hatia, lakini tungemshangaa kama angehuzunika kwa kiasi kile kile cha mpita njia. Upo uchungu wa aliyehusika, na upo wa aliyekosa. Familia inayomkabidhi paka imebeba ule wa kwanza. Watazamaji wanausoma kana kwamba ni wa pili, wanaona majuto, wanahitimisha kosa. Na kama mama yule angemkabidhi kwa macho makavu, wangemwita katili.