Je, Yafaa Kuwatenga Wanyama Waliozoeana?

Swali hili laweza kuonekana dogo mbele ya maswali mengine ya maisha yetu. Lakini si dogo kwa mtu anayelazimika kulijibu kwa vitendo. Mifugo imeokolewa katika msiba; haina mwenyewe tena, au mwenyewe hana tena mahali pa kuiweka. Yapasa itafutiwe makao mapya. Na kati ya mifugo hiyo wako wawili waliokua pamoja, wanaolala pamoja na kunywa pamoja, hata mmoja hatulii asipomwona mwenzake. Je, ni haki kumpeleka huyu nyumba hii, na yule kijiji kingine, kwa sababu wenye shida ni wengi na wanyama ni wachache?

Sisi wa Hanang tunayo sababu ya kuuliza. Jumapili tarehe 3 Desemba 2023, ndiyo Jumapili ya kwanza ya Majilio, baada ya mvua kubwa sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Matope, mawe na magogo yakashuka mpaka mji wa Katesh na vijiji vya Gendabi na Jorodom. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nyumba zilifunikwa, mashamba yakaharibika, na mifugo ikafa pamoja na wenyewe. Baadaye Serikali na wasaidizi wake, Chama cha Msalaba Mwekundu kikiwa miongoni mwao, walijenga nyumba zaidi ya 100 mahali paitwapo Waret, katika kata ya Mogitu, nazo zikakabidhiwa kwa waliopoteza makazi mwaka 2024. Basi mtu akihama, mifugo yake nayo huhama, au huachwa, au hugawiwa wengine. Nyumba huhesabiwa na kuandikwa; mambo ya zizini mara chache huandikwa, ingawa kwa watu wetu zizi ni sehemu ya nyumba. Wairaqw wa zamani walilala chini ya paa moja na ng'ombe wao.

Tuweke mfano ili tufikiri vema. Tuseme wazee wa mtaa wamekabidhiwa punda wawili wa kike, na mbele yao ziko nyumba mbili zenye shida sawasawa. Nyumba zote mbili huchota maji mbali, na zote mbili hazina mnyama wa kubeba mzigo. Hesabu ya haraka husema: punda mmoja huku, punda mmoja kule, na haki imetendeka. Lakini mtu aliyewachunga asema, “Hawa hawakuachana tangu walipokuwa wadogo.” Wazee wafanye nini?

Kwanza yafaa tujue kama maneno ya mchungaji huyo ni kweli, au ni huruma tu ya mtu aliyewazoea. Mkulima wa Mbulu ajua mengi katika habari hii. Maksai wawili waliofundishwa nira pamoja si maksai wawili tu. Mmoja amezoea upande wa kulia na mwingine upande wa kushoto. Mmoja akianza kuvuta, mwenzake hupima mwendo wake kwa huo. Ukiwatenga na kuwapa watu wawili, hukumpa kila mmoja nusu ya kazi ya plau. Kila mmoja amepata mnyama asiyeweza kulima, mpaka apate mwenzi mwingine na kufundishwa upya.

Wataalamu nao wamechunguza. Krista McLennan wa Chuo Kikuu cha Northampton, Uingereza, alipima mapigo ya moyo wa ng'ombe waliotengwa na kundi kwa nusu saa. Ng'ombe aliyewekwa pamoja na mwenzi wake aliyemzoea, moyo wake ulipiga kwa utulivu kuliko alipowekwa pamoja na ng'ombe mgeni. Tena mwaka 2001 Keith Kendrick na wenzake walionyesha ya kuwa kondoo aweza kuzikumbuka nyuso za kondoo wengine 50 kwa muda unaozidi miaka 2. Basi yule asemaye, “Mnyama husahau kesho yake,” asema asilolijua.

Katika habari ya punda jambo hili ni zito zaidi. Punda aliyeondolewa mwenzake aweza kukataa kula. Na punda asipokula siku chache, mafuta ya mwili wake humiminika katika damu kupita kiasi, maini yakashindwa kazi, akafa. Kwa sababu hiyo shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1969 na Elisabeth Svendsen, halimpi mtu punda mmoja akae peke yake. Huwatoa wawili wawili, na walioshikamana hawatengwi. Hata mmoja akifa, humwacha aliyebaki akae karibu na mwili wa mwenzake mpaka atakapouacha mwenyewe, maana akiondolewa ghafula huenda huku na huko akimtafuta.

Na punda wanaohitaji makao si wa mafuriko tu. Miaka hii biashara ya ngozi imewaletea wizi na machinjo makubwa, hata Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakikutana Addis Ababa, wakakubaliana kuzuia kwa miaka 15 kuchinja punda kwa ajili ya ngozi. Punda aliyeokolewa mikononi mwa wezi, na mwenyewe asijulikane, naye hana budi kupewa mahali pa kukaa.

Sasa tusikilize wanaopinga, kwa maana wana neno la kweli. Wasema, “Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ninyi mwahesabu mapigo ya moyo wa ng'ombe, na huku mama aliyefunikiwa nyumba yake hana hata mbuzi. Mkimpa jirani yake wanyama wawili ili wanyama wasilie, yeye atalia. Je, machozi ya nani ni mazito?”

Jibu ni kwamba machozi ya mama ni mazito zaidi, na mtu asituhadae katika hili. Ikiwa mtoto mchanga hana maziwa leo usiku, na ng'ombe wa maziwa ni mmoja wa wawili waliozoeana, ng'ombe apelekwe leo usiku, hata akilia njia nzima. Mwanadamu hatolewi kafara kwa ajili ya utulivu wa mnyama. Lakini tuangalie sana, maana shida ya namna hiyo si ya kila siku. Mara nyingi tunawatenga wanyama kwa sababu hesabu ya kichwa kwa kichwa ni nyepesi, na kutafuta njia nyingine kunataka mazungumzo ya siku mbili tatu. Tukiwatenga kwa sababu hiyo, tusiseme tumewachagua maskini. Tumechagua wepesi wetu wenyewe.

Wengine hujibu kwa njia ya faida. Wasema, “Msiwatenge, kwa sababu aliyetengwa hukonda, naye akifa ni hasara.” Neno hilo ni kweli, lakini halitoshi. Mtu anayemhurumia mnyama kwa ajili ya faida tu, siku faida itakapokoma huruma yake nayo itakoma. Punda mzee asiyebeba tena atawezaje kuhurumiwa na mtu huyo? Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza ukatili. Lakini sheria haiwezi kukaa zizini na kuona yupi amemzoea yupi. Kazi hiyo imeachiwa dhamiri.

Maandiko nayo hayakunyamaza. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, sura ya 6, Wafilisti waliwafunga ng'ombe wawili wanyonyeshao wakokote gari lenye sanduku la agano, na ndama wao wakafungiwa nyumbani. Ng'ombe wale walikwenda njia iliyonyoka mpaka Beth-shemeshi, huku wakilia. Kazi yao ilikuwa takatifu, wala hawakugeuka kulia wala kushoto. Hata hivyo mwandishi hakukificha kilio chao. Naye Mathayo, katika sura ya 21, aeleza jinsi Bwana alivyoagiza punda afunguliwe pamoja na mwanawe, wakaletwa wote wawili. Sababu haikuandikwa, lakini kila mchunga punda ajua kwamba mwana-punda hutulia akiwa karibu na mama yake.

Tena tukumbuke Katekisimo Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, ambayo wengi wetu tumejifunza kwa moyo. Alipoeleza maana ya mkate wa kila siku, alihesabu mifugo humo, na baadaye akahesabu pia majirani wema. Mimi naona ya kuwa vitu hivi viwili vyafaa kukumbukwa pamoja, kwa sababu jibu la swali letu limo katika ujirani.

Turudi basi kwa wazee na punda wao wawili. Ziko njia tatu. Ya kwanza ni kuziuliza nyumba zile mbili kama zaweza kuwatunza punda kwa shirika. Zikiwa jirani, punda walale zizi moja, na kazi igawanywe kwa siku. Watu wetu hawakuanza leo kuchunga kwa zamu. Maksai nao ndivyo: jozi moja yaweza kulima mashamba mawili, lakini maksai mmoja halimi hata moja.

Njia ya pili ni ya subira. Wanyama wote wawili wapewe nyumba moja, nayo iahidi mbele ya mashahidi kuipa nyumba ya pili mzao wa kwanza wa kike, akisha kuacha kunyonya. Hili si geni. Desturi ya kumkabidhi jirani ng'ombe amtunze na kunywa maziwa yake, na mwenyewe abaki mwenye mali, yajulikana tangu zamani kwa Wairaqw na kwa Wadatoga. Na mpango wa kukopa mtamba na kulipa mtamba umetumiwa katika Tanzania na makanisa na mashirika kwa miaka mingi. Ng'ombe hubeba mimba miezi 9, punda karibu miezi 12. Na wakiwa majike wawili, tumaini la kupata mzao wa kike ni kubwa kuliko kwa jike mmoja. Lakini nyumba inayongoja isiachwe mikono mitupu. Mpaka siku hiyo ipate maziwa, au ibebewe maji yake, kadiri ya ahadi.

Njia ya tatu ni ya lazima, wakati kutengana hakuepukiki. Hapo tusiwatenge kwa ghafula. Anayeondoka apelekwe mahali penye wengine wa aina yake, wala asiachwe peke yake. Akizoeshwa mwenzi mpya kabla ya kuondoka, ni vizuri zaidi. Kwa siku kadhaa atazamwe kama anakula na kunywa. Na punda asiyekula siku moja, mganga wa mifugo aitwe siku hiyo hiyo. Na mpokeaji aambiwe kweli, ya kwamba mnyama huyu ameachana na mwenzake, ili asimpige akidhani ni mkaidi.

Tena tusidhani kila wanyama wawili waliosimama pamoja ni wenzi. Aulizwe aliyewachunga, hasa watoto, maana wao ndio wanaoshinda na kundi. Wataeleza yupi hufuatana na yupi, nani hulambana na nani, na nani hulia mwenzake akifungwa. Anayegawa mifugo bila kumwuliza aliyeichunga agawa gizani. Na anayehamia makao mapya aulize mapema zizi litakuwa wapi na malisho yako wapi, kusudi asilazimike kuitawanya mifugo yake siku ya kuhama kwa kukosa nafasi.

Ndugu walimu wa injili na wazee wa sharika, siku ya msiba ninyi huitwa katika kamati za kugawa. Mtakuwa na orodha mkononi, na watu wengi wakiwangojea. Katika haraka ile ni rahisi kuona vichwa vya mifugo na kusahau kwamba kila kimoja kina mazoea yake. Waliohamia Waret wajua thamani ya kuona uso wa jirani wa zamani katika mahali papya. Mnyama hajui mengi tunayoyajua sisi, lakini hilo kwa kiasi chake analijua. Basi kabla ya kukata kamba, ulizeni swali moja: je, tumekwisha kuzungumza na majirani, au tumechoka tu? Mkisha kuzungumza nao na njia isionekane, gawanyeni kwa moyo safi. Lakini kama hamjawauliza, wanyama na wakae pamoja usiku mmoja zaidi, nanyi kesho mkutane tena.