Ukipata Nafuu, Ndipo Ujihadhari

Mwanangu, mama yako amenipigia simu kwa furaha. Ati kope zimepanda, huoni tena vitu viwili viwili, umerudi dukani, basi vidonge umeviweka kando. Haya nimeshayasema, na kusema kunachosha. Lakini mjomba hachoki mpaka mwisho. Nisikilize.

Mishipa yako ya fahamu ni mizima na misuli yako ni mizima. Shida iko pale inapokutana. Mshipa hutoa kemikali iitwayo asetilikolini ili msuli ujikunje. Kinga ya mwili wako, iliyowekwa ipigane na vijidudu, inashambulia vipokezi vya kemikali hiyo. Amri inatoka, msuli hauipokei. Ndiyo miastenia gravisi: asubuhi unafagia ua, jioni unatafuna nyama huku umeshika kidevu kwa mkono ili taya lifunge. Aliyekuona asubuhi atakuita mvivu. Mwache aseme. Amitabh Bachchan, ambaye kwa filamu zake sisi tulijaza kumbi, aligunduliwa kuwa na ugonjwa huuhuu miaka ya 1980, na bado akaigiza.

Sasa, hicho kidonge cha piridostigmini hakiponyi. Kinazuia asetilikolini isivunjwe upesi, kwa saa tatu nne hivi, basi. Dawa za ukoo huo zina mizizi Afrika Magharibi, katika harage la Calabar, ambalo zamani mtuhumiwa wa uchawi alilishwa kama kiapo. Mwaka 1934, daktari Mary Walker wa hospitali ya St Alfege, Greenwich, London, alimdunga mgonjwa wake dawa iliyotokana na harage hilo. Kope likainuka. Dawa ilipokwisha nguvu, likashuka. Kope kuinuka, mwanangu, hakujawahi kuwa ushahidi kwamba ugonjwa umeondoka.

Prednisoloni nayo ina kazi nyingine: inaituliza hiyo kinga. Najua imekuvimbisha uso na unauchukia mtu akikutazama. Lakini ukiizoea kwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo huacha kutengeneza homoni ya asili ya aina hiyo, na ukiikata ghafla unaweza kuanguka. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa amri ya daktari. Na azathioprini uliyoandikiwa huchukua miezi mingi kabla ya kuonyesha faida. Kuiacha sasa ni kung'oa muhogo kabla haujatia mizizi.

Homa ikikupata, usinyamaze mbele ya mhudumu. Kabla hajakuandikia chochote mwambie una miastenia. Kwinini, jentamaisini na siprofloksasini zinaweza kukulegeza zaidi. Ukijaliwa mimba, wakunga wajue mapema, maana magnesi inayotolewa kwa kifafa cha mimba ni hatari kwako. Iandike kwenye kadi, ikae kwenye pochi.

Ramadhani inakuja, nami nakujua ulivyo mkaidi wa ibada. Vidonge vya kila baada ya saa chache havikubaliani na kufunga kutwa. Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa baadaye, na asiyetarajia kupona hutoa fidia kwa kulisha maskini. Muulize daktari, kisha muulize sheikhe. Usijitungie sheria kali kuliko ya Mola wako.

Chakula kizito ukile mchana, dawa ikiwa imeshashika, si usiku umechoka. Na siku maji yakikupalia na kurudi puani, sauti ikawa ya puani, ukahesabu kwa pumzi moja ukakwama kabla ya 15, usingoje kupambazuke. Nenda hospitali yenye mashine ya kupumulia, usiku huohuo. Misuli ya kifua nayo ni misuli.

Leo hii rudi kliniki. Usianze tena dozi kwa kukisia. Mwambie daktari siku uliyoacha na ulivyoacha, bila kuficha, apange upya. Akipanga, fuata, hata siku unayojiona mzima kama wenzako; hasa siku hiyo. Ukitaka kunikasirikia kwa maneno haya, nikasirikie, lakini uwe umeshameza.